Saa Isiyong'aa

Muziki wa tamthilia ulipoanza, cherehani ilinyamaza. Fundi aliweka mkasi juu ya lundo la sare za shule, akageuza kiti kuelekea televisheni, kisha akapaza sauti ukutani: "Kipindi kimeanza!"

"Nakuja! Wasimuue mtu kabla sijafika!" Mama Mabegi aliitikia kutoka chumba cha pili. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hawakuhitaji simu. Akaingia bila kubisha, taulo kichwani, akajitupa kwenye kochi. Lile kochi lilikuwa limebonyea mahali alipozoea kukaa marehemu mume wa fundi. Siku hizi lilikuwa limebonyea upya, kwa umbo la Mama Mabegi.

Tamthilia ilikuwa ya wauza dawa za kulevya. Mkubwa wao aliitwa Bosi. Hakuvua miwani myeusi hata chumbani, alikuwa na simu mbili, na kila alipotaka kumwangamiza mtu aliangalia kwanza saa yake ya dhahabu. Fundi, ambaye shule aliishia ya msingi, aliifuata tamthilia ile kama somo. Aliona kwamba mama mwenye binti mkubwa lazima aijue sura ya adui kabla adui hajapiga hodi.

"Mwangalie! Mwangalie!" Mama Mabegi alikinyooshea kioo kidole. "Mtoto wa watu anampeleka wapi yule? Wangekuwa mikononi mwangu, ningewachoma wote na majivu nikayamwaga chooni."

"Wewe una hasira kunishinda mimi."

"Kwa sababu mimi ndiye ninayesafiri, dada. Hao ndio wanaotuharibia. Mtu umebeba nguo zako za biashara, unapekuliwa mpaka kwenye soksi."

Twiga aliingia wakati huo, akitokea kazini. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na jina hilo alipewa na mtaa kwa ajili ya shingo yake ndefu. Alimwamkia Mama Mabegi kwa adabu, akamuuliza habari za mguu. Kisha akampita mama yake kama anavyopita meza.

Ilikuwa hivyo tangu siku ya fundi umeme. Kijana yule alikuja kujitambulisha pamoja na shangazi yake, shati jeupe limenyooka, mkono wa Twiga mwenyewe umelipiga pasi. Fundi hakuona shati. Aliona saa kubwa ya dhahabu iliyomzidi kijana mkono.

"Baba, unafanya kazi gani?" alimuuliza.

"Fundi umeme, mama."

"Nyaya ndizo zimekununulia hiyo?"

Kijana alicheka kidogo, akidhani ni utani wa mkwe. "Hii ni ya kaka yangu, mama."

"Na huyo kaka anafanya kazi gani?"

Kabla hajajibu simu yake ikalia mfukoni. Akaizima. Ikalia nyingine. Hapo fundi alisimama wima, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni, akasema kwa sauti ambayo wapangaji wote waliisikia: "Nyumba hii haitoi mtoto kwa wauza unga!"

Shangazi mtu aliziba mdomo kwa kiganja. Kijana hakubishana. Aliivua ile saa, akaiweka mezani mbele ya fundi. Mishale ilikuwa imesimama.

"Ilikufa zamani, mama. Nimeivaa ili mnione mtu."

Alisema vile kwa heshima kabisa, na heshima hiyo ndiyo iliyochoma. Tangu siku ile wauza mboga walimwita fundi Inspekta. "Inspekta, leo umekamata wangapi? Mimi nyanya zangu ni halali, usinipeleke ndani!" Naye alinunua nyanya, akachekelea, akarudi nyumbani na uso unawaka. Kijana hakukanyaga tena. Twiga hakulia wala hakugombana. Alizungumza na mama yake yale ya lazima tu: maji yamekatika, chumvi imekwisha.

Kwa hiyo tamthilia ilipokatishwa na matangazo, na Mama Mabegi akasema, "Niazime huyu mtoto," fundi alishtuka na kufurahi kwa pamoja.

"Umwazime kwa kazi gani?"

"Safari yangu inayokuja. Anisaidie mabegi, nami mguu huu si mguu tena. Ataona watu, ataona majengo, atarudi amemsahau huyo fundi umeme. Humu ndani atakauka, dada. Humwoni?"

"Namwona." Fundi alitazama pazia la chumba cha binti yake. "Na mimi nitabaki na nani?"

"Utabaki na Bosi!" Mama Mabegi alisema, wakacheka mpaka fundi akafuta macho.

Kicheko kilipopungua, fundi alimwangalia jirani yake kwa jicho alilofundishwa na tamthilia. Hakuwa na miwani. Simu moja, kioo kimepasuka. Mkononi hana hata bangili. Mwanamke aliyempikia uji wiki nzima alipolazwa. Akaona aibu kwa kumpima. Alikwishamdhalilisha mtu mmoja, hakutaka wa pili.

"Mchukue," alisema. "Ila unirudishie kama alivyo."

---

Saa ilikuwa wazo la Mama Mabegi. Alisema simu ya Twiga itakaa kwake, maana huko waendako simu zinanyakuliwa mkononi, na mtu asiye na simu lazima ajue wakati. Wakaenda watatu. Kwa fundi ilikuwa kama sikukuu. Ni muda mrefu hajatembea barabarani na binti yake ubavuni. Alijaribu kumshika mkono wakati wa kuvuka. Twiga alihamisha mkoba upande ule.

Muuza saa alikuwa na kabati la kioo chini ya ngazi za jengo la maduka. Fundi alipitisha kidole juu ya kioo mpaka akakuta ndogo ya fedha, yenye vijiwe vinavyometameta kuzunguka uso.

"Hii," alisema. "Nitainunua mimi. Ni zawadi."

Twiga aliinama akaiangalia. Aliiangalia muda mrefu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Nzuri," alisema.

"Nzuri ya harusini," Mama Mabegi aliingilia. "Tunataka ya kila siku. Ya namba, nyeusi, ya plastiki. Isiyoingia maji, na iwe na kengele. Mtu akikuona nayo asikuone."

"Asikuone?" fundi aliuliza.

"Wezi, dada."

Muuza saa alikwishainama kwenye droo. "Hiyo naijua. Ileile ya siku zote, mama? Au safari hii tubadili mkanda?"

"Ya siku zote ipi?" Mama Mabegi aliuliza.

"Si ulimchukulia yule dada wa nywele fupi, na kabla yake yule..." Alinyanyua uso, akakutana na macho yake. Akameza maneno yaliyobaki, akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. "Samahani. Wateja ni wengi, nachanganya."

"Unachanganya," Mama Mabegi alisema.

Mkono wa Twiga ulikuwa mwembamba kuliko tundu la mwisho la mkanda, ikabidi muuza saa atoboe jingine. Kisha Mama Mabegi aliichukua ile saa, akaitega kengele mwenyewe. Fundi aliviona vidole vyake. Vilibonyeza pembeni, chini, pembeni tena, huku mwenyewe akiangalia barabara. Fundi alijua vidole vya namna hiyo. Ndivyo vidole vyake mwenyewe vilivyotunga uzi kwenye sindano.

"Ikilia unajua la kufanya," Mama Mabegi alimwambia Twiga.

Twiga aliitikia kwa kichwa.

"La kufanya nini?" fundi aliuliza.

"Dawa ya kichefuchefu, mama," binti alijibu haraka. "Ya safari."

Ile ya vijiwe ilirudishwa kabatini.

---

Kesho yake fundi aliacha sare bila vifungo, akarudi chini ya zile ngazi peke yake.

"Mama, mimi nauza saa tu," muuza saa alisema kabla hata hajaulizwa.

"Najua, baba. Nami nina binti mmoja tu."

Mtu yule aliangalia kushoto na kulia. Alichukua saa iliyofunguliwa mgongo, akaishika bila kuitengeneza. "Walikuwa wawili," alisema hatimaye. "Kila mmoja yule mama alikuja naye kwa wakati wake. Wasichana wazuri tu, wenye adabu. Yule wa nywele fupi aliniambia akirudi ataniletea mkanda wa huko."

"Akakuletea?"

"Sijamwona. Wala yule wa kwanza. Nimejiambia labda wamehamia huko, labda wameolewa." Aliweka saa chini. "Ndivyo nilivyojiambia."

Kutoka pale fundi alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Askari wa mapokezi alimsikiliza akiwa ameshika kalamu, na kadiri alivyosikiliza ndivyo kalamu ilivyolala.

"Kwa hiyo kosa la huyo jirani yako ni lipi, mama?"

"Amenunua saa."

"Ya wizi?"

"Hapana. Amelipa."

"Ya dhahabu?"

"Ya plastiki."

Askari mwingine aliyekuwa anakunywa chai kwenye dirisha aligeuka. "Huyu si yule Inspekta? Aliyemkamata fundi umeme?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu waliochoka wanaoletewa kitu cha kuchangamsha. "Mama, njoo na mzigo. Saa hatuwezi kuifunga pingu."

Naye akacheka nao. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye njiani, kwamba alicheka nao.

Twiga alikuwa anapanga nguo kwenye begi alipoingia. Fundi alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Muuza saa, yule wa nywele fupi, vile vidole. Binti alisikiliza huku akikunja blauzi. Mikunjo yake ilikuwa ya mtu wa kazi hiyo, imenyooka kama karatasi.

"Umemaliza?"

"Mwanangu, nakuomba."

"Ulianza na mwanaume wangu. Leo ni safari yangu. Kesho utasema hata dobi anauza unga kwenye sabuni." Alifunga zipu. "Kaangalie tamthilia yako, mama."

---

Jioni ya mwisho kabla ya safari muziki ulilia kama kawaida, lakini fundi hakuita ukutani. Mama Mabegi alikuja mwenyewe. Alikaa mahali pake. Begi la Twiga lilikuwa karibu na mlango, na Twiga alikuwa amekaa juu ya kigoda, mikono katikati ya magoti. Hakuwa amegusa chakula. Juzi pia hakula. Alisema jino.

Kwenye kioo Bosi alikuwa anamfokea mtu. Hakuna aliyetukana.

"Nimefikiri," fundi alisema. "Nichukue mimi."

Mama Mabegi aligeuka. "Wapi?"

"Safarini. Unataka wa kubeba mabegi, mimi nina nguvu kuliko huyu. Nimebeba majora ya vitambaa maisha yangu yote. Mwache mtoto abaki na kazi yake. Twende mimi na wewe, tutapiga soga njia nzima."

"Acha utani, dada."

"Sitanii. Hati ya kusafiria nitaitafuta. Ngoja wiki chache."

"Wewe huwezi."

"Kwa nini nisiweze? Uzee? Wewe na mimi nani mkubwa?"

"Si uzee." Mama Mabegi alikuwa na macho nusu kwenye televisheni, na alijibu kama mtu anavyomjibu rafiki aliyemzoea, bila kupima neno. "Na hivyo vidonda vyako vya tumbo? Utakufa njiani, unitie matatani."

Ni kweli fundi alikuwa na vidonda vya tumbo, na Mama Mabegi ndiye aliyemlea alipolazwa kwa sababu ya vidonda hivyo.

"Mabegi," fundi alisema taratibu, "yanabebwa na tumbo?"

Fundi hakumngoja ajibu. Aligeuka kwa binti yake, akitegemea kuona uso ulioshtuka, uso wa mtoto aliyeokolewa. Alikwishafungua mikono.

Twiga alikuwa anaangalia sakafu.

"Mama, nyamaza," alisema kwa sauti ndogo. "Usipige kelele. Majirani."

Fundi aliteremsha mikono yake. Hapo alikumbuka karoti. Kwa wiki mbili Twiga alikuwa akinunua karoti, anazipeleka kwa Mama Mabegi, na yeye fundi alifurahi kwamba mtoto amejali afya. Aliwahi kumsikia kupitia ukuta akikohoa na kupaliwa, na sauti ya Mama Mabegi ikimbembeleza: "Usitafune. Legeza koo. Jaribu tena." Alidhani wanamtibu jino, kumbe alikuwa anafundishwa kumeza.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Hakunidanganya. Yeye ameniambia ukweli, mama. Wewe ndiye uliyedanganywa." Machozi yalimtoka Twiga lakini sauti haikutikisika. "Unafikiri mimi ni mtoto wa kwenye televisheni, anayepewa begi asijue kuna nini ndani? Nimechoka. Nasimama kwenye mvuke tangu asubuhi, narudi hapa kusikiliza watu wakipigana risasi. Kulikuwa na mtu mmoja aliyenifanya nitake kubaki. Ulimvua saa mbele ya shangazi yake."

Wengi wetu tungetamani kusema kwamba fundi alijibu vizuri. Alisimama akiwa ameshika mgongo wa kiti cha cherehani, na televisheni ikatangaza sabuni.

Mama Mabegi ndiye aliyezungumza. "Mtu mzima ameamua, dada. Wala si mambo mabaya kama unavyodhani. Wanakwenda, wanarudi."

"Yule wa nywele fupi alirudi?"

Mama Mabegi alinyoosha mguu wake.

"Nimekuuliza. Alirudi?"

Twiga aliinua kichwa, akamwangalia Mama Mabegi. Hilo hakuwa ameambiwa.

"Yule alikuwa na haraka," Mama Mabegi alisema. "Hakufuata maelekezo."

Fundi alivuta pumzi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kumwambia mteja kwamba nguo haitakuwa tayari kesho. "Sikiliza, Twiga. Siwezi kukufunga kamba. Kesho nitakwenda uwanja wa ndege na nyinyi. Nitasimama kwenye foleni, na mkifika kwa maaskari nitapiga kelele. Nitasema, mpekueni huyu, ni mwanangu, mpekueni tumbo."

"Utanifunga?"

"Nitakufunga."

"Mama! Mimi?"

"Jela kuna siku ya kuona wageni. Nitakuja na sabuni, nitakuja na chupi, nitakaa upande wa pili wa wavu nikuone unavyozeeka. Huko anakokupeleka huyu hakuna siku ya wageni." Akamgeukia Mama Mabegi. "Nawe nitakutaja kwa jina lako lote. Watanicheka. Mimi nimeshazoea kuchekwa."

Mama Mabegi alisimama, akishika ule mguu wake mbovu. Hakuonekana na hasira. Alionekana kama mfanyabiashara ambaye kitambaa alichokichagua kimekutwa na tundu.

"Hufai tena," alimwambia Twiga. "Mama yako ana mdomo, na mdomo unasikika mbali." Mlangoni alisita. "Lakini niambie, dada. Kama si mimi, ungemtoa aende na nani? Yule wa saa ya dhahabu?"

Alitoka. Wakasikia mlango wake ukifungwa, halafu vitu vikikokotwa sakafuni, upande wa pili wa ule ukuta mwembamba.

---

Askari walipokubali kuja, chumba kilikuwa kitupu. Walikuta vibanio vya nguo na kipande cha karoti kilichokauka. Safari hii waliandika, na kesho yake wakamwita muuza saa, naye akaeleza alichokijua. Hakuna aliyesikika akisema wasichana wale wawili walikuwa watoto wa nani. Fundi aliwawaza sana mama zao. Alifikiri pengine nao wana mtu wa kukaa naye jioni, na pengine wanamsimulia habari za binti aliye nje, anayefanya kazi nzuri.

Kuna jambo ambalo hakumwambia mtu. Alimkumbuka Mama Mabegi. Kila jioni alijikuta ameacha cherehani na kuinua uso kuelekea ukutani, kinywa kikiwa wazi. Alimchukia na kumkumbuka, na hakujua mtu anafanyaje na vitu viwili hivyo kwa pamoja. Televisheni aliiuza kwa mwenye kibanda cha kunyolea.

Twiga alibaki. Alirudi kwa dobi, akaomba radhi, akapokewa. Nyumbani walipishana kama wapangaji. Alianza kula tena, lakini alikula chumbani, pazia limeshushwa. Siku moja fundi alisimama nje ya pazia lile na maneno yote ya kuomba msamaha kuhusu fundi umeme yakiwa tayari mdomoni, akasikia kijiko kikisimama. Ndani mtu alikuwa anangoja aondoke. Akaondoka.

Sasa anashona mpaka jioni bila sauti nyingine chumbani. Mwanga ukianza kupungua dirishani, mguu wake unalegea wenyewe juu ya kanyagio na cherehani inasimama. Anasikiliza geti. Wanapita wapangaji wengine, anawajua kwa viatu. Mwisho kabisa geti linalia tena, hatua nyepesi zinavuka uwanja, zinaingia, zinampita mgongoni bila salamu, na pazia linashushwa.

Fundi anaachia pumzi aliyokuwa ameishika. Anainama, anatafuta mahali alipoachia mshono, anaendelea.